Saiti mira ya pikapu imegoma: jua kwanza imeshikwa na nini

Saiti mira yangu ya kwanza niliivunja kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa kwenye foleni ya kuingia pantoni pale Magogoni, Dar es Salaam. Kijana wa mkokoteni alitaka kupita kati yangu na lori la ndizi, akagonga bodi kwa kiganja: "Bosi, kunja mira hiyo nipite." Nikatoa mkono dirishani, nikasukuma. Haikutikisika. Nikateremka, nikaikamata kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye udongo mkavu, nikavuta. Ikalia mara moja tu, tak, nami nikabaki nimekumbatia kava, kioo na kipande cha chuma cha kijivu. Kijana akapita na mkokoteni wake. "Asante bosi," akasema, na nadhani alimaanisha.

Jioni niliviweka vipande mezani nikavitazama vizuri. Pini ilikuwa nzima, ya chuma, haina hata kovu. Kilichovunjika ni masikio mawili ya aloi yaliyoizunguka, na ndani yake palijaa unga mweupe mkavu, kama unga wa muhogo uliogandia kwenye ungo. Haikuwa kutu niliyoizoea. Kesho yake nikavibeba hadi Gerezani kutafuta nyingine. Mzee mmoja anayeuza spea za mtumba akakichukua kile kipande, akakipuliza, unga ukaruka. "Mwanangu," akasema, "hii ungeipa maji ya moto tu ingekuja. Umeivunja bure."

Pikapu yenyewe ni Hilux ya mwaka 1994, inalala Kigamboni, na upepo wa bahari unaipiga usiku kucha. Tangu siku ile nimefungua mira kadhaa, zangu na za majirani, na karibu kila iliyovunjika ilivunjwa na mtu aliyetia nguvu kabla hajajua ni kitu gani kimeshikana na kitu gani. Kwa hiyo tuanze hapo.

Imegoma wapi hasa?

Saiti mira ya gari la zamani inaweza kugoma sehemu tatu. Ya kwanza ni bawaba ya kukunja, pale kava zima linapoungana na kipande kilichofungwa mlangoni. Humo ndani kuna pini nene na springi kali inayobana. Ya pili iko nyuma ya kioo chenyewe: gololi kubwa ya plastiki inayokaa ndani ya kikombe cha plastiki, ndiyo inayokiwezesha kioo kutazama juu, chini, ndani na nje. Ya tatu ni kile kinachokisukuma kioo: kidole chako, au kijiti cha ndani ya mlango chenye kebo nyembamba, au mota.

Mtu akikwambia "mira imeganda", hujui bado anasema ipi. Ijaribu mwenyewe. Weka kiganja kwenye kava karibu na mlango, si kwenye ncha ya nje, na sukuma taratibu kuelekea nyuma. Kisha sukuma kona moja ya kioo kwa dole gumba, halafu kona ya pili. Kama ni ya umeme, washa swichi huku sikio liko karibu na kava. Dakika mbili tu, na tayari umejua utafungua nini na utaacha nini.

Kava halikunji kabisa

Dar es Salaam ukikuta saiti mira haikunji, usikimbilie kutu. Angalia kwanza kama kuna mtu aliifunga kwa makusudi. Hapa mjini mtu akiibiwa mira mara moja kwenye foleni, au akiikuta haipo asubuhi, hatua inayofuata inajulikana: namba ya gari inachorwa kwenye vioo na riveti zinapigwa. Fundi wa pembeni ya barabara anapiga riveti pale drili yake inapofika, na mara nyingine inapita katikati ya bawaba. Miaka mitano baadaye gari linauzwa, mnunuzi mpya hana habari, anamwaga mafuta wiki nzima.

Pitisha kidole kuzunguka bawaba, juu na chini. Riveti utaihisi kama kidonge kilichobandikwa, hata ikiwa imepakwa rangi juu. Kuitoa ni kazi ndogo: ligonge tundu lake la katikati kwa msumari ili drili isiteleze, kisha toboa kichwa kwa biti inayolingana na mwili wa riveti. Nyingi za hizi ni za milimita 4 au 4.8, kwa hiyo biti ya 4 au ya 5 inatosha. Kichwa kikianza kuzunguka na biti, acha. Kidokoe, na kiwiliwili kisukume ndani. Usizame na drili kama unachimba kisima, maana kama mira ni ya umeme nyaya ziko karibu tu nyuma yake.

Kinachofuata kwa wingi ni rangi. Gari likipigwa rangi upya bila mira kuvuliwa, rangi huingia kwenye mstari wa bawaba na kukauka humo. Dalili yake ni kwamba huoni kabisa mstari unaotenganisha kava na kipande cha mlangoni. Vimekuwa kitu kimoja. Pitisha wembe kwenye mstari huo kuzunguka kote, mara tatu au nne, kabla ya kusukuma. Usipofanya hivyo, hata mira ikikubali kukunja, rangi itabanduka kwa ganda kubwa mpaka kwenye mlango.

Sasa ndiyo tuje kwenye ule unga mweupe, ambao kwa wakazi wa Kigamboni, Kunduchi, Mbweni na Msasani ndio ugonjwa wenyewe. Kipande cha mlangoni na shingo ya kava mara nyingi ni aloi nyepesi, ya alumini au zinki. Pini na springi ni chuma. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati yake pakapita unyevu wenye chumvi, zinafanya kazi kama betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni aloi. Kinacholiwa hakipotei, kinageuka unga mweupe, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyokuwepo. Kwa hiyo pini inabanwa kutoka pande zote, kila mwaka zaidi kidogo. Ndiyo maana mafuta peke yake hayafui dafu hapa: hayana pa kupenya.

Kinachosaidia ni joto. Kwa joto lilelile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Shingo ya aloi iliyoizunguka pini ya chuma ikipata moto inafunguka zaidi kidogo kuliko pini inavyonenepa, na ufa huo mwembamba ndio nafasi ya mafuta kuingia. Mzee wa Gerezani hakunieleza hayo yote, alisema maji ya moto tu, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Fanya hivi. Jioni, osha bawaba kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, ili uitoe chumvi kwanza. Ikaushe. Nyunyizia WD-40 kutoka juu na kutoka chini, na kama huna, changanya dizeli na mafuta ya gia boksi ya otomatiki nusu kwa nusu, udondoshe kwa bomba la sindano la duka la dawa. Iache ilale. Asubuhi chemsha maji, funga taulo kuukuu kwenye bawaba, na mimina polepole juu ya taulo. Kioo kikinge kwa kitambaa kikavu, kwa sababu kioo baridi kikipigwa na maji yanayochemka kinapasuka. Baada ya dakika tano hivi ondoa taulo, tia mafuta tena wakati bado pana joto, na gonga bawaba kwa mpini wa nyundo ya mbao, vipigo vidogo vidogo vya kuamsha.

Halafu sukuma. Usilenge kuikunja; lenga itembee unene wa ukucha. Ikitembea, irudishe. Tena mbele, tena nyuma. Ukiona tope la kijivu linachuruzika kutoka kwenye mstari, furahi, huo ni unga unatoka. Tia mafuta, rudia. Yangu ya kushoto ilichukua asubuhi tatu kabla haijakunja mpaka mwisho, na siku ya pili nilikuwa nimeshakata tamaa, nikataka kuchukua mtaimbo. Mtaimbo kati ya kava na mlango una matokeo mawili tu: ama masikio ya aloi yanakatika, ama bati la mlango linabonyea, na bei ya kunyoosha mlango unaijua.

Neno moja juu ya mafuta ya breki. Mafundi wengi huyamwaga kwenye nati iliyoshika, na kweli yanapenya. Lakini yanachubua rangi. Ukiamka utakuta mlango una malengelenge chini ya mira. Petroli nayo iache: inakauka kabla haijafanya kazi, na ukiwa na jiko karibu unajitafutia balaa.

Kutu nyekundu ni jambo jepesi zaidi. Utaikuta kwenye pikapu zenye mira ya mkono wa bomba la chuma, zile ambazo kava dogo la mstatili linaning'inia kwenye bomba lenye kromu. Hapo ni chuma kwa chuma, mafuta yanapenya, na brashi ya waya inamaliza. Nati ikikataa, vua mkono mzima kutoka mlangoni kabla ya kwenda kwa mchomeleaji. Moto wa gesi karibu na raba ya dirisha na upholstari wa mlango hauna urafiki na mtu.

Halafu kuna ile ambayo si kutu, si unga, si rangi. Bodaboda aliipiga kutoka nyuma, ikarukia mbele kuliko inavyotakiwa, na imekwama huko. Tazama mstari wa bawaba: kama upande mmoja umebana na upande wa pili umeachama, pini imepinda au meno ya kusimamishia mira yamepanda moja juu ya jingine. Inyanyue juu kidogo kwa mikono miwili huku ukiirudisha nyuma. Kama ni meno, itaingia kwa kishindo na kukaa. Kama ni pini iliyopinda hakuna mafuta ya kuinyoosha, ivue.

Kuivua na kuifungua

Ikishakunja, hata kwa shida, wengi wanaishia hapo. Masika ikija, mvua na chumvi zinarudi palepale na Juni unaanza upya. Ukiwa na nusu siku, ivue kabisa.

Ndani ya mlango, kwenye kona ya dirisha, kuna kipande cha plastiki cha pembetatu. Kinashikwa na klipu; kidokoe kwa kijiko kilichofungwa kitambaa, kuanzia juu. Chini yake utaona skrubu au nati tatu, kwa Toyota nyingi nati za spana namba 10. Mtu mmoja ashike mira kwa nje wakati unafungua ya mwisho. Kama ni skrubu za nyota, fahamu kwamba nyota ya Kijapani si sawasawa na ya bisibisi nyingi zinazouzwa mtaani. Meno yanateleza na kula kichwa. Chagua bisibisi inayojaa tundu lote, iweke, ipige nyundo mara moja kutoka nyuma, ndipo uzungushe huku unasukuma kwa uzito wa mwili.

Mezani, igeuze juu chini. Kuna za aina mbili. Moja ina nati chini ya springi. Kabla ya kuigusa pima kwa rula pini imetokeza milimita ngapi chini ya nati, andika kwenye kiganja kama huna karatasi. Namba hiyo ndiyo itakayokwambia ukaze mpaka wapi wakati wa kurudisha. Aina ya pili haina nati; springi inashikiliwa na washa yenye masikio inayobonyezwa na kuzungushwa robo duara. Hii ndiyo inayotoa watu macho. Bonyeza kwa soketi ndefu inayoenea juu ya washa, mira ikiwa imebanwa kwenye vaisi, na uso wako uwe pembeni. Miwani ya fundi wa kuchomelea, hata ile ya plastiki nyeupe, inatosha. Springi yangu ilifyatuka ikapiga bati la banda, na mbuzi wa jirani hakula siku nzima.

Safisha unga wote kwa brashi ya waya, kisha msasa laini ndani ya tundu na kwenye pini, mpaka pini iingie kwa uzito wake yenyewe. Paka grisi nyingi ya bearingi, kila sehemu, kwa sababu kazi ya grisi hapa ni kuyafukuza maji zaidi ya kulainisha. Mimi huongeza jambo moja: nakata washa nyembamba kutoka kwenye dumu tupu la mafuta ya kula, naiweka katikati ya aloi na chuma pale panapogusana, kama nafasi inaruhusu. Plastiki inakata mguso, na bila mguso ile betri haipo. Rudisha springi, kaza nati mpaka namba uliyoandika, kunja na kunjua mara ishirini, futa grisi iliyotokeza.

Masikio yakiwa na ufa, usipeleke kwa mchomeleaji wa mageti. Aloi hii ukiichoma kwa mashine ya kawaida inayeyuka na kudondoka kabla haijaungana. Hapo unanunua nyingine.

Kava linakunja, kioo hakigeuki

Kwa mira ya kusukuma kwa kidole, adui ni vumbi. Barabara za ndani za Goba au Chanika wakati wa kiangazi zinatoa vumbi jepesi kama poda, linaingia nyuma ya kioo, likipata umande linakuwa udongo wa kufinyangia. Ukikisukuma kioo kwa nguvu kinavunjika katikati, kwa sababu ndiko gololi iliko.

Bandika gundi ya karatasi, ule utepe wa kunata wa mafundi rangi, kwenye kioo chote ili kikivunjika kisitawanyike, vaa glavu, na puliza kava kwa maji ya uvuguvugu, joto la kuogea. Subiri, kisha sukuma kona kwa kiganja kizima. Mara nyingi kinaachia. Kikiachia, kisukume upande mmoja mpaka mwisho, ingiza kifaa cha plastiki kwenye upenyo uliofunguka na kivute taratibu. Nyingi zinatoka kwa mlio wa klipu. Nyingine zina tundu dogo chini ya kava la kuingizia bisibisi na kusogeza kishikio, kwa hiyo chungulia kwanza kabla ya kuvuta.

Osha gololi na kikombe kwa maji na sabuni, kausha, rudisha. Na hapa ndipo naomba usinielewe vibaya: usiweke grisi. Bawaba inataka grisi, gololi haitaki. Gololi inashika kioo kwa msuguano. Ukiipaka grisi kioo kitageuka kwa raha ukiwa umeegesha, na ukifika Barabara ya Kilwa kitakuwa kinatazama lami. Kama plastiki inalia, puliza silikoni kidogo mno na uifute kwa kitambaa.

Mira zenye kijiti ndani ya mlango zina kebo tatu nyembamba. Kijiti kikiwa kizito na kioo hakisogei, kebo zimeshika kutu ndani ya mfereji wake. Kijiti kikiwa chepesi kupita kiasi, imekatika moja. Za kutu zinaweza kufufuka kwa mafuta mepesi yakidondoshwa upande wa kijiti na kuachwa yateremke usiku. Iliyokatika haiungwi. Wengi huondoa kijiti na kurekebisha kwa kidole, na sioni ubaya wake.

Ya umeme

Sikiliza. Kimya kabisa pande zote mbili, kushoto na kulia: anza na fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo mira inakula fyuzi moja na kiberiti cha gari. Jaribu kuchaji simu. Kama chaji haiingii umepata jibu, na aliyeiunguza fyuzi pengine ni ile chaja ya mtaani yenyewe.

Kimya upande mmoja tu: inua raba inayopitisha nyaya kati ya mlango na bodi. Mlango wa dereva umefunguliwa na kufungwa maelfu ya mara, na waya hukatikia humo ndani huku ganda lake likiwa zima. Vuta kila waya taratibu. Unaorefuka kama mpira ndio uliokatika. Kama zote nzima, chomoa soketi ya mira. Mfumo wa kawaida una nyaya tatu, mmoja wa pamoja na mmoja kwa kila mota. Gusisha betri ya pikipiki ya volti 12 kati ya waya wa pamoja na mmoja wa wale wengine, kisha geuza pande. Mota ikizunguka, tatizo ni swichi au waya. Isipozunguka, mota imekufa.

Inalia tak-tak-tak na kioo hakisogei: mota nzima, gia nzima, kioo ndicho kimeganda kwenye gololi. Rudi kwenye maji ya uvuguvugu. Mlio huo ni wa klachi ndogo inayoruka ili kuokoa gia, na usiendelee kubonyeza swichi, kwa sababu siku klachi ikichoka ndipo gia zinanyolewa. Ikilia vuum, laini, bila tak, gia zimeshanyolewa. Gia zenyewe ni za plastiki na haziuzwi peke yake. Unatafuta mtambo mzima wa mtumba.

Imetengenezwa, sasa inacheza

Inatetemeka ukifika kilomita 60 kwa saa: nati ya springi haijafika namba uliyoandika. Ongeza robo mzunguko, jaribu, ongeza tena. Kama imefika na bado inatetemeka, springi imechoka. Washa moja nene chini yake itairudishia nguvu. Kama kava limetulia na kinachotetemeka ni kioo peke yake, kuna mtu alipaka grisi kwenye gololi, na nimeshasema.

Kioo kikivunjika

Duka la vioo litakukatia kipande kwa kufuatisha kile cha zamani, kazi ya dakika kumi. Ila jua unachopewa ni kioo bapa. Laza rula juu ya kioo chako cha zamani: kama mwanga unapenya chini ya ncha za rula, kilikuwa cha mbinuko, na cha mbinuko kinaona eneo pana zaidi. Ukiweka bapa upande wa kushoto, bodaboda anayekupita kando ya mtaro atapotea kabisa kwenye kioo mpaka umsikie mlangoni. Kwa upande huo mimi natafuta cha mtumba chenye mbinuko hata kikiwa na mikwaruzo.

Kubandika, tumia silikoni, lakini inuse kwanza. Ile inayonuka kama siki inakula rangi ya nyuma ya kioo, na baada ya miezi unaona madoa meusi yanatambaa kutoka pembeni. Ulizia isiyo na asidi. Bandika kwa gundi ya karatasi na usiliendeshe gari mpaka kesho yake.

Ukienda Kariakoo kununua nzima, ikunje mbele ya muuzaji, mara kumi. Atakwambia "bosi hiyo ni jenuini kabisa". Wewe kunja tu. Tazama shingo kama ina unga mweupe, linganisha matundu ya skrubu na ya kwako, hesabu nyaya za soketi. Hakikisha imetoka kwenye gari la usukani wa kulia, kwa kuwa pembe ya kioo cha dereva si ile ya abiria. Na kioo kikiwa na namba ya gari iliyokwaruzwa kufutwa, kiache hapohapo kilipo.

Ya kulia kwangu sasa inakunja kwa kidole kimoja. Ya kushoto nilitoa riveti, na kwa kuwa usiku sina pa kuegesha zaidi ya nje ya geti, nimepitisha bolti moja kwenye tundu lilelile, nati kwa ndani. Spana namba 10 inakaa kwenye mlango, karibu na tiketi za pantoni, na nikifika Magogoni nikasikia kiganja kwenye bodi naifungua kabla hajasema.